Barua mbili za Kibonge: Mmarekani aliyeandika kifo cha mwasisi wa Bukoba

Wengi waliosoma shule za Bukoba walifundishwa jambo hili kwa sentensi moja: mji ulianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Ukiuliza bwana huyo alikwenda wapi baada ya hapo, habari inakatika, utadhani alisimika bendera kando ya ziwa kisha akayeyuka.

Hakuyeyuka. Alikaa Bukoba miezi michache tu, akashika njia ya magharibi, na Oktoba 1892 akakatwa kichwa katika kijiji cha msituni mashariki mwa Kongo. Mtu aliyewahoji wauaji wake, akayaandika maelezo yao na kuyachapisha ulimwengu uyasome, hakuwa Mjerumani. Alikuwa Mmarekani mwenye kazi ya kibalozi, Richard Dorsey Mohun. Barua na kumbukumbu zake za kazi, za kuanzia 1892 hadi 1913, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Anayetaka kujua mwisho wa mwasisi wa Bukoba atautafuta huko Washington kabla ya kuutafuta Kagera.

Daktari mwenye majina mawili

Jina alilopewa na wazazi wake ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa 1840 katika mji wa Oppeln, ambao siku hizo ulikuwa wa Prussia na leo ni Opole nchini Poland. Ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, mwenyewe akabatizwa Mlutheri angali mtoto. Alisomea udaktari, akaenda kufanya kazi katika nchi za Dola ya Uturuki, na huko akajiita Emin. Baadaye akateremka Sudan kwa Jenerali Gordon, na mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo la Ikweta, lile la kusini kabisa mwa Sudan. Vita vya Mahdi vikamfungia njia ya kwenda Khartoum kwa miaka, mpaka Henry Morton Stanley akaletwa na matajiri wa Uingereza kuja kumwokoa mtu ambaye hakuwa na uhakika kama anataka kuokolewa.

Desemba 4, 1889 wakafika Bagamoyo. Usiku huohuo, katika karamu ya kumpongeza, Emin alianguka kutoka dirisha la ghorofani akapasuka fuvu la kichwa. Macho yalikuwa mabovu, giza lilikuwa limeingia, na pengine mvinyo nao ulichangia. Alilazwa hospitali Bagamoyo huku Stanley akitangulia kwenda kushangiliwa Ulaya. Alipopata nafuu, Waingereza walingoja aende kwao. Akajiandikisha kwa Wajerumani.

Aprili 26, 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa wa wapagazi na askari, akiwa na mwanasayansi Franz Stuhlmann na Luteni Wilhelm Langheld. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzitia nchi za kandokando ya Ziwa Victoria chini ya Ujerumani, hadi kulifikia Ziwa Albert. Akiwa bado njiani, Berlin na London zikaandikiana. Mkataba wa Julai 1, 1890 ulichora mpaka kwenye mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta, Uganda ikabaki upande wa Mwingereza. Emin alikuwa na miguu barabarani na karatasi iliyokwisha kuchacha mfukoni. Ufuko uliosalia kwa Wajerumani upande wa magharibi ya ziwa ulikuwa mfupi, na kwenye ufuko huo, Novemba 1890, akajenga kituo. Bukoba ilianza kama ngome ya mwisho ya Mjerumani kabla ya kugonga mpaka wa Mwingereza.

Hakuijenga kwenye pori lisilo na mwenyewe. Kulikuwa na falme zenye Abakama, mabaraza na ugomvi wao wa miaka mingi: Kiziba kaskazini, Bugabo, Kyamtwara, Maruku, Kihanja, na kusini Ihangiro, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya wilaya ya Muleba ya leo. Magharibi kulikuwa na Karagwe, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameweka kituo chao Kafuro tangu zamani. Watu wa Buhaya walikuwa na migomba yao, na kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa, ilikuwa ikipelekwa Buganda kabla Mzungu yeyote hajaipima kwa ratili. Waliofaidika na ujio wa Mjerumani walikuwepo, na wa kwanza wao ni Kahigi wa Kihanja, aliyejua mapema kuliko wenzake kwamba bunduki za boma zinaweza kutumika katika kesi za jirani.

Februari 1891 Emin aliondoka. Langheld akabaki na kituo. Pasha alikuwa na tamaa ya kuwapata tena askari wake wa zamani wa Ikweta, waliokuwa wamebaki karibu na Ziwa Albert, ili awe na jeshi lake mwenyewe. Aliamriwa arudi pwani. Hakurudi. Askari wengi aliowafuata walikataa kumfuata, na Septemba mwaka huo Kapteni Lugard akawachukua kwa Waingereza. Kisha ndui ikauvamia msafara. Desemba 1891 Emin alimtuma Stuhlmann arudi na wote waliokuwa na afya, yeye akabaki na wagonjwa. Stuhlmann alifika Bukoba Februari 1892. Kituo kikangoja habari za mwenye kituo.

Ofisa wa biashara mwenye mizinga

Wakati huohuo kijana wa Washington alikuwa akifungasha mizigo kwenda Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo. Mohun alizaliwa 1864. Bibi yake, Anna Hanson Dorsey, alikuwa mwandishi wa riwaya anayejulikana miongoni mwa Wakatoliki wa Marekani. Mwaka 1892 Serikali ya Marekani ilimteua wakala wa biashara katika Kongo ya Mfalme Leopold. Marekani ilikuwa taifa la kwanza kubwa kuitambua bendera ya Leopold, Aprili 1884, na sasa ilitaka kujua kama kutambua huko kuna faida: nguo ngapi zitauzika, pembe ngapi zitapatikana. Wakala aliyemtangulia, Emory Taunt, alikuwa amefia Boma.

Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa kalamu na daftari. Lakini mwaka huohuo vita vilizuka kati ya dola ya Leopold na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokuwa wakitawala Manyema, na upande wao mmoja wa viongozi alikuwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Mohun alipanda mto pamoja na majeshi ya Leopold, na huko juu akakabidhiwa mizinga. Taifa lake halikuwa na vita na mtu yeyote katika Afrika ya Kati. Hata hivyo ofisa wake wa biashara alikuwa akipiga mizinga kwa niaba ya mfalme wa Wabelgiji. Msomaji akumbuke hilo kila anapolisoma neno lolote aliloliandika Mohun juu ya Waarabu wa Kongo: alikuwa mmoja wa wapiganaji.

Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili. Katika mali zilizotekwa kulikutwa vitu vya Emin Pasha, zikiwamo nishani na karatasi za shajara yake. Emin alikuwa mtu wa kuandika kila siku, awe mgonjwa au mzima: ndege aliowaona, hali ya hewa, bei ya vitu, tabia za wenyeji wake. Shajara zake leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Hamburg, Ujerumani. Maandishi yanakoma Oktoba 1892.

Mwaka 1894 wanaume wawili, Ismaili na Mamba, wakaangukia mikononi mwa askari wa Kongo, na ikajulikana kwamba walikuwepo siku Pasha alipouawa. Mohun akawahoji. Maelezo yao ndiyo aliyoyachapisha katika jarida la Century la New York Februari 1895.

Kwa maelezo hayo, Emin alikuwa amefika kwa mkuu aitwaye Kinena, safari ya siku kadhaa kutoka mto Lualaba. Bwana wa nchi ile alikuwa Kibonge, na Emin alikuwa amemwandikia kuomba njia. Jibu likaja: apite salama. Asubuhi moja Kinena akamwambia Pasha kwamba kwa kuwa safari iko karibu, watu wake waende mashambani wakachukue ndizi na mihogo ya njiani, bila malipo, na waache bunduki zao barazani ili wasiwatishe wanawake wanaolima. Emin alikubali. Walipokwisha kutawanyika, bunduki zikaondolewa.

Pasha alikuwa mezani akiandika, ndege na wadudu aliowakusanya wakiwa mbele yake. Ismaili na Mamba wakamshika mikono. Aliposema kwamba ana barua ya Kibonge ya kumruhusu apite, Kinena akamwonyesha barua nyingine, ya Kibonge huyohuyo, yenye amri ya kumuua. Emin, ambaye uwezo wake wa kuona ulikuwa umebaki kidogo sana, aliisogeza karibu akaisoma mpaka mwisho. Akawaambia kwamba kifo chake kitalipizwa. Akamtaja binti yake Ferida aliyekuwa pwani. Wakamlaza chini wakamkata kichwa, kichwa kikapelekwa kwa Kibonge.

Nimeyasoma masimulizi mengi ya vifo vya wasafiri wa Kizungu karne ile. Mengi yana mkuki, ngoma na kelele. Hili lina meza, wino na barua mbili, na aliyekufa alipewa nafasi ya kusoma hati ya kifo chake mwenyewe. Bara la Afrika Mashariki la 1892, lile ambalo vitabu vya kikoloni vililiita nchi isiyo na maandishi, lilikuwa na watu waliotawala kwa kuandikiana, kuanzia Unguja hadi Lualaba. Emin alilijua hilo kuliko wengi. Alikuwa akiandikiana nao kwa miaka. Aliiamini barua ya kwanza kwa sababu katika nchi ile barua ya bwana mkubwa ilikuwa neno la kutegemewa.

Maungamo haya yasipokewe bila kupimwa. Waliohojiwa walikuwa wafungwa, aliyewahoji alikuwa upande wa waliowashinda, na wafungwa hao wote wawili walinyongwa. Dola ya Leopold ilihitaji kuonyesha Ulaya kwamba vita vyake vilikuwa vya haki, na mfano wa daktari mzee aliyechinjwa juu ya shajara yake ulifaa mno. Mimi naona kiini cha habari ni cha kweli. Mambo kama ya ndizi na bunduki za barazani si ya kutungwa na mtu anayetaka kujipendekeza. Hotuba ya mwisho ya Pasha, hiyo ninaishika kwa vidole viwili.

Damu ilirudi ziwani

Kibonge aliuawa kwa amri ya Kapteni Hubert Lothaire siku ya mwaka mpya wa 1895. Wiki mbili baadaye, Januari 15, Lothaire huyo alimnyonga mtu ambaye watu wa ziwani walimjua vizuri: Charles Stokes, Mwairishi, zamani mmisionari, kisha mfanyabiashara aliyeoa kwa wakuu wa Unyamwezi. Mwaka 1890 Stokes alikuwa ameajiriwa na Wajerumani na kushirikiana na safari ya Emin. Sasa alishtakiwa kwamba amemuuzia Kibonge bunduki. Kesi ilisikilizwa upesi upesi na kamba ikafungwa.

Kelele ilikuwa kubwa. Stokes alikuwa Mwingereza kwa uraia na mwenye shughuli zake katika nchi ya Wajerumani, kwa hiyo serikali mbili zilidai. Leopold akalipa fidia kwa zote, faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alishtakiwa Boma, kisha Brussels, akaachiwa mara zote mbili. Wengine wanasema hapo ndipo Waingereza walipoanza kuitazama Kongo ya Leopold kwa jicho baya. Kwa wafuasi wa Kibonge waliouawa bila kesi, na kwa watu wa vijiji vilivyochomwa, hakuna aliyedai faranga.

Bumbire iliandikwa na aliyepiga risasi

Muleba nayo ina barua yake, tena ya zamani zaidi. Aprili 28, 1875, Stanley akizunguka Ziwa Victoria kwa mashua yake, Lady Alice, alitia nanga kwenye kisiwa cha Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu, wakachukua makasia. Ulizuka mzozo, Stanley na mabaharia wake wakaisukuma mashua majini na kutoroka wakipiga risasi, wakipiga makasia kwa mbao walizong'oa sakafuni mwa mashua. Mpaka hapo msafiri yeyote angeweza kujitetea.

Lakini Agosti 4 alirudi. Alikuwa na msafara wa mitumbwi ya Waganda na bunduki nyingi. Alimkamata kwanza Shekka, mkuu wa kisiwa, kisha akaipanga mitumbwi mbali kidogo na ufuko, mahali ambapo mshale wa Bumbire haufiki na risasi inafika, akawapiga watu waliosimama ufukoni. Hakuna mtu wake aliyekuwa hatarini. Aliyaandika yote hayo mwenyewe, kwa majivuno, katika barua zilizotumwa kwa magazeti yaliyomlipa, New York Herald na Daily Telegraph la London. Zilichapishwa Agosti 1876, mwaka mzima baada ya tukio. Baadhi ya Waingereza walishtuka. Henry Yule na H. M. Hyndman walilipeleka suala hilo mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia wakitaka Stanley alaaniwe. Chama kikapapasa papasa maneno, hakikumlaani.

Leo Bumbire ni kisiwa cha wavuvi wa sangara na dagaa, na boti za injini zinakwenda Muleba na Bukoba kila mara. Sehemu kubwa ya ushahidi ulioandikwa juu ya mauaji ya 1875 imetoka kwa muuaji. Barua za Stanley zina majisifu kwa mwandishi na maungamo kwa msomaji, na msomaji wa Muleba ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuzisoma kama maungamo.

Wabalozi wa merikani

Baada ya Kongo, Mohun alihamishiwa Unguja mwaka 1895 kuwa balozi mdogo wa Marekani. Alikalia kiti cha zamani. Edmund Roberts alitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said Septemba 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi wa kwanza wa Marekani. Salem ilileta kitambaa cheupe cha pamba na kuondoka na pembe, sandarusi na karafuu. Kitambaa kile, merikani, kilibebwa kwa vichwa vya wapagazi hadi Tabora na Kafuro, na kwa hivyo Karagwe ilikuwa na kitu cha Marekani miongo kadhaa kabla ya kuwa na Mmarekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na viwanda vya Bombay vikaingia sokoni. Wabalozi waliendelea kuandika. Taarifa zao kutoka Unguja, za 1836 hadi 1906, zimepigwa katika mikrofilamu nzima nzima. Francis Webb, balozi wa 1871, ndiye aliyempokea Stanley nyumbani kwake alipokuwa akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone.

Mohun alikuwa Unguja siku ya vita vile vifupi, Agosti 27, 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa Agosti 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ruhusa ya Waingereza, akapewa muda hadi saa tatu asubuhi ya Agosti 27. Mohun aliuandika usiku wa kungoja: mji wa Unguja, ambao kwa kawaida una ngoma na vilio vya watoto usiku, ulikuwa kimya kabisa. Asubuhi manowari zikapiga kasri, na kabla ya saa nne yote yalikwisha, watu wapatao 500 wakiwa wameuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani na baadaye akapelekwa Dar es Salaam kwa meli ya Kijerumani. Katika mistari michache juu ya usiku ule Mohun anaandika vizuri kuliko popote pengine ninapomjua. Hakuwa na mzinga wake mkononi.

Mwaka 1898 aliacha ubalozi, akaingia moja kwa moja katika utumishi wa Leopold: kuongoza msafara wa kujenga njia ya simu ya waya kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kazi ilimchukua hadi 1901. Kati ya 1907 na 1909 alirudi tena Kongo, safari hii kuongoza watafiti wa madini wa kampuni ya Forminière, iliyokuwa na fedha za matajiri wa Kimarekani.

Tarehe hizo zina uzito. Mwaka 1904 taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliwaonyesha walimwengu mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira. Mmarekani mweusi George Washington Williams alikuwa amemwandikia Leopold barua ya wazi ya kumshutumu tangu Julai 1890. William Sheppard, mmisionari mweusi wa Kipresbiteri, aliihesabu mikono hiyo kwa macho yake. Hata warithi wa Mohun katika ofisi ya Boma, Clarence Slocum mwaka 1906 na James Smith mwaka 1907, waliiandikia Washington kwamba dola ile ni mashine ya kunyonya watu. Mohun aliijua Kongo kuliko karibu wote hao. Alikula mshahara wa Leopold na kupokea nishani zake. Alipouawa Mzungu mmoja aliwasaka wauaji, akawahoji na kuitangaza habari. Kwa maelfu ya wengine, jina lake haliko upande wa wapiga kelele. Hivyo ndivyo ninavyomhukumu.

Boma na makaratasi

Emin angelirudi Bukoba asingekitambua kituo chake. Juni 22 na 23, 1915, majeshi ya Uingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakaishambulia Bukoba, yakalipua boma na mnara wa redio, na mji ukaporwa. Mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa zaidi ya miaka 60, alikuwa katika safu za mbele. Mwezi uliofuata, Julai 1915, Mohun alifariki nyumbani kwao Maryland.

Kwa hiyo hivi ndivyo hali ilivyo. Shajara za mwasisi wa mji ziko Hamburg. Maungamo ya wauaji wake yalipitia mikononi mwa Mmarekani, na makaratasi ya Mmarekani huyo yako Marekani. Makaratasi ya Stanley yako Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizobaki ziko Dar es Salaam, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 1997. Upande wetu aliandika Francis Xavier Lwamgira, mtu wa Kiziba aliyetumikia tawala zote mbili, na kitabu chake Amakuru ga Kiziba kilitoka 1949. Anayefundisha historia ya Kagera kwa kutumia sentensi moja ya Emin Pasha hana kisingizio cha kukosa vitabu, amekosa nakala.

Na nakala zinapatikana. Nyaraka zilizoandikwa na maofisa wa Serikali ya Marekani wakiwa kazini hazina hakimiliki nchini mwao, na mikrofilamu za wabalozi wa Unguja mtu yeyote anaweza kuziomba. Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Muleba zinatumia fedha kwa mambo ya gharama kubwa kuliko hayo. Ziziombe Washington nakala za Mohun na za wabalozi wa Unguja, ziiombe Hamburg kurasa za shajara zinazoihusu Bukoba ya Novemba 1890 hadi Februari 1891, ziiombe Tervuren barua za Bumbire, na ziziweke mahali ambapo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuingia bila kibali. Wewe msomaji nawe, kama kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi huko Kamachumu, Rubya au Kashozi, lenye barua za padri, risiti za kahawa au hukumu za gombolola, usiliache mchwa walimalize. Lifungue, soma, piga picha, kisha upeleke nakala Hifadhi ya Nyaraka.